Mbegu ya Pamba Ijaribiwe Pia Visiwani

Mkulima wa pamba wa Ukerewe hana desturi ya kuuliza mbegu aliyopewa ina jeni gani. Huuliza kama itaota, na mvua ikikatika katikati ya msimu itavumilia siku ngapi. Maswali hayo ndiyo yanayochunguzwa siku hizi katika maabara za ulimwengu, na twaona inafaa wananchi wa visiwani na viongozi wao wajue uchunguzi umefika wapi.

Mwaka 2015 wataalamu wa China na Marekani walitangaza mpangilio wa jeni za pamba ya kawaida, mmea wenye kromosomu 52. Tangu hapo jeni hizo zimekuwa zikipangwa kwa koo, kama wapangwavyo watu wa babu mmoja. Ukoo uitwao WRKY una jeni zaidi ya 200, na nyingi kati yake huamka mmea unapopatwa na ukame, chumvi au ugonjwa. Ukoo wa MYB nao unahusika na kuota kwa nyuzi juu ya mbegu. Watafiti walipoizima jeni mojawapo ya ukoo huo, nyuzi zilifupika na vinyweleo vya majani vikapungua.

Habari ya vinyweleo si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1940 kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichagua pamba yenye majani ya manyoya ili kumshinda chawajani. Wataalamu wa wakati ule walichagua kwa macho na kwa subira nyingi. Leo kusoma jeni kwaweza kuifupisha kazi hiyo.

Hata hivyo hatuna budi kuwatahadharisha wahusika. Jeni za ukoo mmoja hazina kazi moja: hii huhimiza shina kurefuka, nduguye hulizuia. Mmea ukikosa maji hutoa homoni inayofunga vitundu vya majani na kupunguza kukua, ili uokoke. Basi mbegu inayouogopa ukame kupita kiasi yaweza kuokoka vizuri na kuzaa vitumba vichache, na mkulima hauzi uhai wa mmea, anauza kilo. Mizani hiyo haipimwi katika chungu cha maabara. Hupimwa shambani, tena katika shamba la kisiwa, ambako ardhi ni finyu na imechoka kwa kulimwa mfululizo.

Kwa hiyo twaiomba Wizara ya Kilimo, Bodi ya Pamba na watafiti wa Ukiriguru kwamba aina yoyote mpya isigawiwe visiwani kabla ya kujaribiwa kwa misimu isiyopungua miwili katika mashamba ya wakulima wa Ukerewe wenyewe. Mbegu ya zamani ipandwe kando yake, mavuno yapimwe mbele ya wenye mashamba, na matokeo yatangazwe hata kama ni mabaya. Halmashauri ya Wilaya nayo iwateue wakulima hao mapema, kabla ya Novemba, mwezi wa kuanza kupanda.