Mrudishieni mwiko wake

Wasee, leo tuongee kuhusu sufuria. Sufuria ya kawaida, ile haina mkono. Jaribu kusonga ugali na mkono mmoja, ule mwingine uweke mfukoni. Sufuria itazunguka pamoja na mwiko, ugali utajaa mabonge, na ukizubaa kila kitu kitaishia sakafuni. Sasa kuna mtu anaishi hivyo kila siku, juu kiharusi kilichukua upande mmoja, ama baridi yabisi imemkaza vidole hadi kufungua chupa ya mafuta ni vita.

Na sisi dawa yetu huwa ni moja: "Wacha nikufanyie." Tunamkatia nyama, tunamfunga vifungo, tunampokonya mwiko, alafu tunaita hiyo heshima. Mimi naona ni kumstaafisha mtu kabla ya wakati wake.

Shangazi yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Huyu ni mama aliyekuwa anapikia harusi za mtaa mzima. Ghafla akawa anakaa kwa kiti kusubiri kuulizwa kama amekula. Kilichomrudisha jikoni ni blada. Eeh, ile mikanda ya tyubu kuukuu ambayo watu wa boda hufungia mizigo. Binamu yangu aliiosha kwa sabuni, akaizungusha kwenye mpini wa kijiko na wa kisu mpaka ikawa minene, haiponyoki. Vidole visivyokunja vizuri hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Siri ni hiyo tu.

Alafu akachukua ubao wa kukatia, akapitisha misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikachomoza juu. Unachomeka kiazi hapo, kinatulia, unamenya kwa mkono mmoja. Chini ya ubao weka kitambaa kibichi usiteleze. (Ukimaliza funika hizo ncha na vizibo, tafadhali.) Na ile sufuria inayozunguka? Mafundi wa jua kali, wawe wa Kamukunji ama wa mtaani kwenu, wanaweza kukuchomelea fremu ya kuishika. Wachoree tu.

Na msiniambie hii ni mambo ya wagonjwa. Mwaka wa 1990 huko Marekani, OXO ilianza kuuza vifaa vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira. Mwanzilishi wake, Sam Farber, alikuwa ameona mke wake Betsey, mwenye baridi yabisi mikononi, akisumbuka kumenya. Leo vinanunuliwa na watu wenye mikono mizima kabisa, juu manze, nani hapendi kisu kisichoteleza?

Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Poa. Lakini tukisikia vifaa tunawaza kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Kijiko hakuna anayekiwaza, na huyo mtu anakula kila siku.

Kabla uanze ufundi, jua kiharusi kinaweza kuondoa hisia mkononi, mtu akaungua bila kusikia. Maji ya moto yapimwe na ule mkono mzima. Hospitali nyingi kubwa za kaunti pia zina wahudumu wa kumfunza mtu kazi za kila siku upya, mpeleke.

Na usimtengenezee mtu kitu bila kumuuliza. Wikendi hii pitia kwa fundi wa pancha, omba kipande cha blada, alafu uliza nyumbani: ni nini hapa ndani kinakusumbua kushika? Ukishauliza, nyamaza. Huenda jibu lisiwe kijiko. Inaweza kuwa zipu ya sweta, ambayo inahitaji tu pete ya funguo ili ivutike kwa kidole kimoja.