Tairi Lililolika Upande ni Shahidi

NENO LA BARAZANI
Na Mbwana Shehe Kombo

Katika ada zilizoenea miongoni mwetu wenye magari, hususani sisi wa Dar es Salaam tunaoendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvushwa bahari, imo moja ambayo naiona kuwa ni israfu na hatari kwa pamoja, nayo ni ile ya kulivua tairi lililolika upande, kulitupa pembeni mwa kibanda cha fundi wa pancha, na kuvalisha jingine mahali pake pasipo mtu yeyote kuuliza ni kwa nini lile la kwanza limelika vile. Mwenye gari hulipa, fundi hupokea, na gari huondoka na ila yake ileile, hata ikipita miezi michache tairi jipya nalo huwa kipara upande uleule. Na hapo lawama zote humwendea muuza matairi, ikasemwa kwamba bidhaa za siku hizi hazina uthabiti.

Mimi nashikilia ya kwamba tairi lililolika ovyo ni shahidi, na ushahidi wake umeandikwa juu ya kashata zake kwa hati iliyo bayana kwa kila mwenye macho ya kutazama na kiganja cha kupapasa. Kwa hiyo kulitupa kabla ya kulisoma ni kumfukuza shahidi barazani kabla hajafungua kinywa.

Hati hiyo si ngumu. Tairi likilika mabega yote mawili, ilhali katikati kashata zingali na kina, jua kwamba upepo ulikuwa mchache, likalegea na kukanyaga kwa kingo zake. Na likilika katikati mabega yakasalimika, upepo ulizidi kipimo. Likilika bega moja tu, la ndani au la nje, basi magurudumu hayakusimama sawa: ama vichwa vyake vimelalia ndani au nje kupita kiasi, ama nyuso zake zimegeukia ndani au nje badala ya kuelekea mbele sawasawa, bi maana kila gurudumu linapobingirika hukokotwa pia kwa ubavu, likasagika juu ya lami safari nzima hata kama dereva hahisi kitu. Ila hii ya pili huonekana mapema kwa mkono kuliko kwa jicho, kwani ukipitisha kiganja juu ya kashata kwa kukikatisha tairi, ukienda huona ulaini na ukirudi huona mkwaruzo. Likiwa na mabonde na vilima katika mzunguko wake, dhana ya kwanza na iwe juu ya shokapu zilizochoka, kisha juu ya balansi, bushi, bolijointi na beringi; na likiwa na kipara mahali pamoja tu, breki ilibana hata gurudumu likabururwa pasipo kuzunguka.

Yako mambo mawili yanayoyatesa matairi ya magari yetu zaidi ya mashimo na matuta tunayoyalaumu kila siku. La kwanza ni upepo wa kukadiria. Mtengenezaji ameweka kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachotaja upepo unaostahiki kwa tairi la mbele na la nyuma. Lakini kwa kuwa magari haya yalikusudiwa soko la Japani, kibandiko kimeandikwa Kijapani na kipimo chake ni kilopaskali, ilhali pampu za vituo vyetu husoma paundi, basi watu wengi hukiacha na kumwambia kijana wa pampu ajaze anavyoona yeye. Hesabu yake ni nyepesi: paundi moja ni takriban kilopaskali 7, hivyo 220 iliyoandikwa pale ni kama paundi 32. La pili ni desturi ya kuliinua gari kwa kutia spesa juu ya springi ili lisikwaruze chini, jambo ambalo lina udhuru wake katika barabara zetu, ila kila gari lililoinuliwa hubadilika pembe za magurudumu yake, na kama halikupelekwa kupimwa alaimenti baada ya kazi ile, limeanza kula matairi tangu siku hiyo.

Fauka ya hayo, tiba ina taratibu yake, nayo mara nyingi hupinduliwa. Alaimenti ikipimwa juu ya tairodi iliyolegea au bushi iliyokatika ni fedha iliyotupwa, maana vipimo huharibika kabla gari halijafika nyumbani. Kwanza hubadilishwa kilichochakaa, kisha ndipo hupimwa. Wala balansi na alaimenti si kitu kimoja: usukani unaotetemeka gari likishika mwendo wa barabara kuu aghalabu hudai balansi, na gari linalovutia upande mmoja katika barabara iliyo sawa hudai kwanza kutazamwa upepo na breki, kisha alaimenti.

Ama kinga, gharama yake ni ndogo mno. Upepo upimwe walau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari, maana tairi lililokwisha kupata moto huongeza kipimo na kumdanganya mpimaji, na tairi la akiba lisisahauliwe. Matairi yabadilishane nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, kwa kufuata mshale ulioandikwa ubavuni kama upo, kwa sababu katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama zilivyo Toyota IST nyingi tuzionazo mjini, ni matairi ya mbele yanayobeba injini, yanayovuta, yanayokata kona na yanayopokea sehemu kubwa ya breki.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba tairi ni mali ya mwenyewe na akiliharibu hajamdhulumu mwingine. Sivyo. Arusha palikuwa na kiwanda cha General Tyre, na tangu kilipofungwa, tairi tunalolinunua dukani aghalabu limetoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Na lililo kubwa kuliko fedha ni roho za watu: tairi lenye upepo mchache hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na laweza kupasuka katika mwendo wa kasi, na lililo kipara upande wa ndani, usioonekana mpaka gari liinuliwe, halina njia ya kuyatoa maji ya mvua chini yake. Mwenye daladala au basi anayemwachia dereva tairi la namna hiyo amekhini amana ya abiria, na dhima haimwondokei kwa kusema kwamba hakuona, maadamu hakutazama.

Basi ukienda kununua tairi, usikubali la zamani litupwe mpaka umeligeuza, umelipapasa pande zote mbili, na fundi amekutajia kwa kinywa chake sababu ya kulika kwake. Na akishindwa kuitaja, lipeleke gari kwa aijuaye kabla ya kuvalisha jipya, kwani ujira wa kupima alaimenti ni mdogo kuliko bei ya jozi moja ya matairi.