MTOTO AMEULIZA: Jua linatuvutaje bila kamba?

Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji. Kijana wake wa darasa la tano amefundishwa kwamba kati ya jua na dunia hakuna hewa, ni patupu. Jioni akamwuliza baba yake: "Sasa mwanga unapita wapi? Na jua linatuvutaje bila kamba?" Baba akamkaripia, eti aache maswali ya kijinga. Toka siku hiyo mtoto haulizi tena kitu.

Jamani, swali hilo lilimsumbua Newton mwenyewe! Mwaka 1693 aliandika kwenye barua kwamba kitu kuvuta kingine kupitia utupu, bila chochote katikati, ni jambo lisiloingia akilini.

Tuanze na mwanga. Sauti inahitaji hewa ya kuibeba. Wataalamu wa zamani wakadhani mwanga nao una kitu cha kuubeba, wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley wa Marekani wakakitafuta kwa vipimo vikali, wasikione. Kumbe mwanga unajibeba wenyewe: umeme ukibadilika unazaa sumaku, sumaku ikibadilika inazaa umeme, hivyo hivyo mpaka hapa kwetu, dakika 8 na kidogo. Ni ndugu wa mawimbi ya redio yako.

Mvutano ulichelewa kueleweka. Mwaka 1915 Einstein alisema jua halitupi kamba, bali linapinda nafasi yenyewe. Shikeni turubai watu wanne, kila mmoja pembe yake, muweke jiwe zito katikati, halafu mviringishe gololi pembeni. Itazunguka jiwe bila kufungwa. (Mfano huu una kasoro: jiwe linabonyeza turubai kwa sababu dunia inalivuta. Lakini kwa kuanzia unatosha.)

Na huo mvutano haufiki papo hapo. Jua likitoweka sasa hivi, tungeendelea kuliona na kulizunguka zile dakika 8. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vilinasa mtikisiko wa mvutano kutoka nyota mbili zilizogongana. Mionzi yake, ndugu mwingine wa mwanga, ikafika baada ya sekunde zisizotimia 2. Safari yenyewe ilikuwa ya miaka kama milioni 130!

Baba wa yule kijana, turubai unalo, na gololi mtoto anazo. Mwite.