Gari la shamba, viatu vya mjini: Hesabu ya matairi inayowaponza wasafirishaji

MVUA za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 na kuendelea hadi 2024, zikafuatiwa na kimbunga Hidaya Mei 2024, zilikata barabara na madaraja katika mikoa mingi ya Tanzania. Kwa wenye magari ya mizigo ya vijijini, msimu ule ulikumbusha jambo ambalo kiangazi huwasahaulisha: gari lenye injini kubwa na gia ya magurudumu manne haliendi popote kama tairi halishiki.

Barabara za kwenda mashambani bado ni za udongo kwa sehemu kubwa. Mtandao ulio chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, unazidi kilomita 140,000, na zenye lami ni chache. Huko ndiko yanakotoka maziwa, nyanya, viazi na vitunguu, bidhaa ambazo nyingi hazisubiri gari lililolala njiani siku mbili.

Wakati barabara ziko hivyo, magari yanayonunuliwa yanaelekea upande mwingine. Kila toleo jipya la pikapu na gari la familia lenye gia ya magurudumu manne linakuja na rimu kubwa kuliko lililotangulia. Mnunuzi anaona gari limependeza, ila haoni kilichopunguzwa ili lipendeze.

Mpira unavyopungua

Kilichopunguzwa kinasomeka ubavuni mwa tairi lenyewe. Tairi la 265/70R16 lina upana wa milimita 265. Ubavu wake una kimo cha asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 186 hivi. Nalo linavaa rimu ya inchi 16. Likija la 265/65R17, ubavu unashuka hadi milimita 172. La 265/60R18, ambalo limekuwa likija na matoleo ya bei ya juu ya Prado na Hilux, linabaki na milimita 159.

Matairi hayo matatu yakisimamishwa pamoja yanalingana kwa urefu, kati ya milimita 775 na 777. Kwa hiyo gari halijapanda wala kushuka. Chuma kimeongezeka, na mpira pamoja na upepo vimepungua kwa karibu milimita 27 kila upande.

Wauza magari hawalisemi hili, na pengine si kazi yao kulisema.

Sasa ulinganishe na tairi la kizamani la 7.50R16, au ndugu yake wa vipimo vipya, 235/85R16. Hili ni jembamba, lakini ubavu wake una milimita 200 na urefu wake wote ni milimita 806 hivi. Ndilo ambalo Land Cruiser za mkonga zimelitumia kwa miaka mingi katika hospitali za misheni, miradi ya maji na kampuni za utalii.

Ubavu mrefu ni springi ya kwanza ya gari. Gurudumu likigonga jiwe, upepo na mpira hujikunja kabla chuma hakijaguswa. Ubavu ukiwa mfupi, jiwe hubana mpira dhidi ya ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache tairi huota uvimbe ubavuni. Uvimbe huo hauzibiki kwa fundi yeyote.

Rimu nayo ina habari yake. Ya chuma ikipinda, fundi wa kijijini huinyoosha kwa nyundo na safari ikaendelea. Spoti rimu ya aloi ni nyepesi na hupoza breki vizuri, lakini ikipata kishindo kikali hupasuka, na ufa wake hautengenezwi chini ya mwembe.

Land Rover nazo zimepita njia hiyo hiyo. Defender ya zamani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016 huko Solihull, Uingereza, ilitoka kwa rimu za inchi 16. Defender mpya inaanzia inchi 18. Mwenye nayo akipasukiwa na tairi karibu na mji mdogo, huenda akalala akisubiri tairi lililopakiwa kwenye basi kutoka mjini.

Upana na utope

Mtindo wa pili unaogharimu ni kuvisha gari matairi mapana kuliko yaliyokusudiwa na watengenezaji. Imani iliyopo ni kwamba pana halizami. Imani hiyo ina ukweli, lakini si kwa kila udongo.

Kwenye mchanga mrefu, tairi linatakiwa kuelea. Hapo upana unasaidia, ingawa kupunguza upepo kunasaidia zaidi, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo hulala na kurefusha alama yake ya kukanyaga kwenda mbele na nyuma. Tairi jembamba lenye ubavu mrefu linaweza kushushwa hadi pauni 18 kwenye mchanga na bado likakaa kwenye rimu, mradi mwendo uwe mdogo na upepo urudishwe kabla ya kurudi kwenye lami.

Barabara ya masika ni kitu kingine. Mara nyingi tope la juu ni sentimita chache zinazoteleza, na chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba hukata tope na kushika chini. Pana hupanda juu ya tope na kuserereka mpaka mtaroni. Katika milima ya Njombe na Makete, ambako viazi mviringo hutoka wakati wa mvua, jambo hilo si nadharia.

Na katika udongo mweusi wa mbuga, kama wa Usangu, ukishashiba maji hakuna tairi lenye miujiza. Aliye na haraka huko huishia kulipa trekta la kumvuta.

Upana una gharama nyingine isiyoonekana. Mwenye gari la 265/70R16 akivalisha 285/75R16, gurudumu linaongezeka kutoka milimita 777 hadi 834, sawa na asilimia 7. Mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 86. Injini inasukuma gurudumu zito kwa gia ile ile, breki zinazuia uzito ambao hazikupangiwa, na usukani ukikatwa hadi mwisho mpira unasuguana na bodi. Anayeweka vipande vya kusogeza gurudumu nje ili lisisuguane anahamishia mzigo kwenye beringi.

Mzigo kwanza

Swali ambalo mnunuzi wa gari la biashara angepaswa kuanza nalo ni la uzito. Baada ya vipimo, ubavu wa tairi una namba na herufi, mfano 112S au 120Q. Namba ni uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa na S ni 180.

Ichukuliwe pikapu ambayo ikipakiwa magunia inabeba kilo 2,300 kwenye ekseli ya nyuma. Kila tairi la nyuma linabeba kilo 1,150. Tairi la 112 limeshazidiwa hata kabla gari halijaingia kwenye shimo. Yenye alama LT, yaliyotengenezwa kwa magari ya mizigo, huwa na nyuzi nyingi na mpira mnene, na mengi hufika 120. Matairi mawili yanaweza kufanana kwa vipimo na meno, yakatofautiana kwa kilo karibu 300.

Meno nayo yachaguliwe kwa safari nzima. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, ana kama kilomita 50 za barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya mawe na vumbi, kisha zaidi ya kilomita 100 za lami hadi Arusha. Tairi la M/T, lenye meno makubwa ya tope, litaliwa haraka kwenye lami hiyo, litapiga kelele, na likikuta lami yenye maji litachelewa kusimama. La A/T lenye alama LT ndilo lake. La M/T limfae yule ambaye tope ni sehemu kubwa ya safari yake, na ambaye lami huiona mara moja kwa wiki.

Wenye kampuni za utalii wa Kaskazini waliliona hili mapema kwa sababu magari yao hayapumziki. Kipande cha kutoka lango la Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, kinajulikana kwa matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa gari kutwa nzima. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi zinazopita pale zina matairi marefu membamba na rimu za chuma, bila madoido.

Rimu za kuazima

Ununuzi wa rimu za mtumba una mtego wake. Wengi huhesabu nati tu. Land Cruiser za mkonga zilitumia nati 6 hadi mwaka 1999, zilipoanza kutoka na nati 5, kwa hiyo seti ya gari la zamani haiingii kwenye la baadaye.

Hilux na Nissan Patrol za kizazi cha jana zote zina nati 6 zilizopangwa kwa nafasi moja. Hata hivyo tundu la katikati ni milimita 106 kwa Hilux na 110 kwa Patrol. Rimu ya Hilux haiingii Patrol. Ya Patrol inaingia Hilux, lakini inaacha mwanya na gurudumu linabebwa na nati peke yake. Nati hizo zikilegea kwenye matuta, gurudumu linaweza kulitangulia gari.

Rimu yenye pete, ile inayofunguliwa kwa vyuma vya mkono na kutumia tyubu, bado ni rafiki wa porini. Dereva anaweza kuziba pancha ya mwiba wa mgunga bila mashine yoyote. Lakini pete hiyo isipokaa vizuri, huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu inayoweza kuua. Fundi anayejua kazi hufunga mnyororo kuzunguka gurudumu au huligeuza pete ikatazama chini, na hasimami juu yake. Mwenye gari ana haki ya kuondoka kwa fundi asiyefanya hivyo.

Bei na umri

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji zaidi ya miaka 15 iliyopita, na kile cha Sameer cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016. Tairi linalouzwa leo kwa kawaida limekuja kwa meli na kulipiwa kwa dola, na uhaba wa dola wa mwaka 2023 uliwafundisha waagizaji jinsi bei inavyopanda bila tairi kubadilika.

Hali hiyo inawasukuma wengi kwenye matairi yaliyotumika. Hapo kitu cha kutazama kabla ya meno ni namba 4 zilizo ndani ya kifremu kidogo karibu na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na tairi lenye meno marefu na nyufa nyembamba ubavuni limekwisha, hata kama muuzaji amelipaka rangi nyeusi ya kung'aa.

Kwa jipya, hesabu ni ya kilomita. Kwa mfano, tairi la Sh 400,000 linalokwenda kilomita 25,000 linagharimu Sh 16 kwa kilomita. La Sh 650,000 linalofika kilomita 50,000 linagharimu Sh 13. Kwa matairi manne na kilomita 40,000 kwa mwaka, tofauti ni Sh 480,000, na hapo hayajahesabiwa maziwa yaliyomwagwa kwa sababu tairi la bei rahisi lilipasuka.

Hesabu hiyo inaharibika matairi yasipolingana. Gia ya magurudumu manne inataka matairi yote yawe na urefu mmoja, likiwemo la akiba. Jipya mbele na kipara nyuma hulazimisha difu kushindana, na ukarabati wa difu unazidi bei ya tairi lililokwepwa. Wala lisichanganywe la 7.50R16 na la 7.50-16 kwenye ekseli moja. Herufi R ni ya tairi la radiali, kistari ni cha lile la nyuzi zilizopishana, na hayo mawili hukata kona tofauti.

Kwa ambaye tayari amenunua Prado au Hilux ya inchi 18 na anaishi nalo shambani, njia ya kurudi ipo. Mengi ya magari hayo yanakubali rimu ya inchi 17. Ya inchi 16 mara nyingine hugonga breki za mbele, kwa hiyo moja ivalishwe na kuzungushwa kwa mkono kabla ya kulipia nne. Zile spoti rimu za inchi 18 zina wateja Dar es Salaam, na fedha yake inaweza kuchangia seti ya chuma pamoja na tairi la akiba la pili.