Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Anayelifahamu jua la Mwingi la mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa kwa nini msafiri atokaye Thika huanza kukipapasa kitufe cha kiyoyozi punde tu anapoipita Matuu. Barabara ya kwenda Garissa hunyooka mbele yake, vichaka vya migunga vimepauka, na vumbi jekundu la njia za pembeni, zile ziendazo Migwani, Kyuso na Nuu, hupenya kila upenyo. Ni katika barabara hiyo, mwaka jana, kiyoyozi cha gari langu kilipoanza kunipulizia hewa ya moto mithili ya pumzi ya tanuri. Haikuwa mara ya kwanza. Katika muda wa miezi kumi na minne nilikuwa nimekwisha kujaziwa gesi mara tatu, kila mara na fundi yule yule wa jijini, na kila mara nikiambiwa kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi: "Daktari, gesi imekwisha."

Mimi ni mhadhiri wa isimu. Riziki yangu hutokana na kuyachunguza maneno, kuyapasua na kuwaonyesha wanafunzi yaliyomo ndani. Naona haya kukiri kwamba nililipa mara tatu bila kulipasua neno hilo moja.

Tukitazame kitenzi chenyewe. Petroli huisha kwa sababu huchomwa. Unga huisha kwa sababu huliwa. Chaki huisha kwa sababu hubaki ubaoni na katika mapafu ya mwalimu. Gesi ya kiyoyozi haichomwi, hailiwi wala haibaki popote isipokuwa ndani ya mabomba yake, ambamo huzunguka pasi na kikomo. Kompresa huigandamiza hata ikawa na joto kali. Kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, huliachia joto hilo hewani na gesi ikageuka kuwa kiowevu. Kisha kiowevu hicho hupitishwa katika tundu jembamba, presha ikashuka ghafla, kikachemka na kuwa mvuke ndani ya evapareta iliyofichika nyuma ya dashibodi. Ili kiwe mvuke hakina budi kupata joto, na joto hilo hulipora kutoka katika hewa ya abiria. Hakuna baridi inayotengenezwa hapo, bali joto hutolewa ndani na kupelekwa nje. Yeyote aliyekulia Ukambani akinywa maji ya mtungi uliowekwa kivulini anaijua kanuni hii hata kama hakupata kuisoma: unyevu unaopenya udongo hukauka juu ya ngozi ya mtungi, na katika kukauka kwake huyaibia joto maji yaliyobaki ndani.

Ni kweli kwamba mipira na sili hazizibi kwa asilimia mia, na kwamba chembe za gesi hupotea polepole kwa miaka mingi. Lakini gari dogo lenye gramu mia nne hadi mia saba za gesi haliwezi kubaki tupu baada ya miezi minne ila liwe na tundu. Aliyesema gesi imekwisha alikuwa amelificha tundu ndani ya kitenzi, kwani kwisha hakuna mkosaji. Lau angesema gesi imevuja, ningemuuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliuliza: imevujia wapi?

Swali hilo nilikuja kulijibiwa Mwingi kwenyewe, chini ya mwarobaini, na kijana ambaye karakana yake haina paa. Hakukimbilia geji. Aliinama mbele ya gari kwa kitambo, akaniita nitazame. Kondensa yote ilikuwa imefunikwa vumbi kavu, ila katika kona moja vumbi lilikuwa limeganda na kuwa tope jeusi. "Hapa pana mafuta," akasema, "na mafuta hayawezi kufika hapa peke yake." Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikopo, akaipaka kwa brashi, na kwa kuwa palikuwa na gesi kidogo iliyosalia, mapovu yakaanza kufura mmoja mmoja, madogo kama mayai ya samaki. Jiwe la barabarani lilikuwa limepiga pale zamani. "Mwalimu, gesi haiishi," akaniambia. "Inatoka."

Nimekaa katika semina nyingi za istilahi na sikumbuki sahihisho la kisemantiki lililonifaa kuliko hilo.

Alikataa kunijazia. Alinieleza kwamba mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na kwamba kila gesi ivujapo huondoka na sehemu ya mafuta hayo. Ukiendelea kujaza juu ya tundu, siku moja kompresa itakwama, na bei ya kompresa si bei ya kipande cha mpira. Nikakumbuka kwamba tunawafundisha watoto kila mwaka kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, tunawatahini juu yake, kisha tunapanda magari yetu na kwenda kujaza gesi.

Niliporudi na kondensa nyingine baada ya majuma mawili, aliifunga, akabadilisha na kile kichujio kidogo kinachokausha unyevu, akaunganisha mtambo wake wa kunyonya hewa. Mtambo huo ulikuwa kompresa ya friji kuukuu aliyoigeuza kazi. Aliuacha unyonye kwa zaidi ya nusu saa, kwa sababu hewa na unyevu vikibaki ndani hugeuka kuwa asidi na kuitafuna mirija. Kisha akauzima, akakaa kuitazama sindano ya geji kama inapanda. Haikupanda. Ndipo akaisoma karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, akaweka mtungi wa gesi juu ya mzani mdogo wa jikoni, akatia kiasi kilichoandikwa, si zaidi. Yule wa jijini, nakumbuka, alikuwa akijaza hadi "isikike".

Haya si mambo ya mfuko wangu tu. Mnamo 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba gesi za jamii ya ile iliyotumika katika viyoyozi vya magari enzi hizo zingeharibu tabaka la ozoni, na mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Iliyochukua nafasi, R-134a, ndiyo iliyomo katika magari mengi tunayoyaagiza yakiwa yametumika Japani. Hii haiidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hulipasha joto anga takribani mara 1,430 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwezi wa Oktoba 2016 kukubaliana kupunguza matumizi ya jamii yake. Fanya hesabu na wanafunzi wako: gramu mia tano mara tatu, zilizovuja kupitia tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, ni sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dayoksaidi. Sekretarieti ya mikataba hiyo ya ozoni iko Nairobi, chini ya kilomita 200 kutoka kwenye mwarobaini ule. Wasiwasi wangu ni kwamba maarifa yake hayajasafiri umbali huo kwa lugha ambayo fundi na mteja wake huzungumza.

Na neno gesi lenyewe lina hatari yake. Tunalitumia kwa kilichomo katika kiyoyozi na kwa kilichomo katika mtungi wa kupikia, na wapo wanaodhani ni kitu kimoja kwa kuwa jina ni moja. Gesi ya kupikia itapoza, sikatai. Lakini evapareta imo pamoja nasi ndani ya gari, na ikivuja humo, cheche moja yatosha.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katiba yetu ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wenzetu wa Dar es Salaam walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Istilahi zipo: kanieneo, mvuke, ombwe. Hata hivyo, kijana anayejifunza umekanika husoma kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutumia maisha yake yote kumweleza mteja kwa Kiswahili na Kikamba jambo ambalo hakuna aliyemfundisha kulieleza. Mteja naye hana maneno ya kumhoji. Katika pengo hilo ndimo "gesi imekwisha" hustawi. Kwa nini tusiwape wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya kueleza jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi, baada ya kuwapeleka karakana ya jirani kwa saa moja? Tumewachosha na insha za "Siku Nitakayoikumbuka Daima".

Wakienda huko, wataambiwa na mambo mengine ambayo sisi wenye magari hatuyajui. Kwamba kiyoyozi kiwashwe walau dakika kumi kila juma, hata katika baridi ya Julai, ili mafuta yazilainishe sili zisikauke. Kwamba kondensa ioshwe vumbi na wadudu kwa maji ya utaratibu, kwa kuwa yenye nguvu hukunja mapezi yake. Kwamba chujio la hewa ya ndani, ambalo mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha abiria, likijaa vumbi la kiangazi, upepo hudhoofika na watu husema tena kwamba gesi imekwisha. Kwamba maji safi yadondokayo chini ya gari si ugonjwa. Ugonjwa ni yanapoacha kudondoka na kuanza kulowesha zulia, maana mrija umeziba.

Kuhusu istilahi, nilimfunza yule kijana neno ombwe, nikiwa na fahari ya mtu anayelipa deni. Akaniuliza kama hilo ni neno au ni jina la kijiji. Yeye husema "kunyonya": kwanza tunaziba, halafu tunanyonya, halafu tunapima. Nimeanza kukitumia kitenzi chake katika mihadhara yangu, na mpaka sasa hakuna mwanafunzi aliyeniomba nikieleze.