Kiwiko kiko wapi?

Neno moja linaweza kuharibu tangazo zima. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu wengi waliacha kushikana mikono, wakasalimiana kwa viwiko. Kisha ikaja Korona, tukaambiwa: kohoa ndani ya kiwiko.

Lakini kiwiko ni wapi? Leo wengi wanaelewa pale mkono unapokunjika katikati. Kamusi za zamani zinakiweka karibu na kiganja, pale pa kuvalia saa. Hata mguu una kiwiko chake, juu ya wayo. Kwa maungio ya katikati zinatupa kivi, kisugudi, kisukusuku, hata kisigino cha mkono. Aliyejifunza maana ya zamani atakohoa penye kifundo, karibu na vidole vilevile anavyoshikia mkate na mtoto.

Wengine watasema tuchague neno moja, tuwalazimishe wote. Sikubaliani nao. Lugha haitungwi ofisini, na maana mpya ya kiwiko imekwisha kuenea. Kazi yetu, sisi wanafunzi wa lugha, ni nyingine: kabla bango halijachapishwa, tumwulize mama muuza samaki sokoni anapaitaje mahali hapo, kisha tuandike kwa ufafanuzi: “Kohoa ndani ya mkono uliokunjwa, pale katikati.” Ni maneno mengi kuliko kiwiko, lakini hakuna atakayekosea mahali.