Mashini ya masomo ndani ya nyumba

Kila mwaka karibu na kufunguliwa kwa masomo wazazi wananiuliza neno lilelile: «Pasta, watoto wanalomba ordinatere. Tununue gani?» Zamani waliniuliza juu ya viatu na madaftari. Basi mwezi huu tuweke kando maneno ya ndoa, tuongee juu ya kitu hiki, kwa sababu kinaweza kula mushahara wa miezi mingi wa baba, na kikinunuliwa vibaya kitakufa mbele mutoto hajamaliza mwaka.

Nitasema juu ya ordinatere ya kubeba, ile vijana wetu wanaita mashini tu. Ile kubwa ya kuweka juu ya meza, kuranti ikikatika, kazi yote ya mutoto inazimika palepale. Ile ya kubeba iko na batri yake, na katika miji yetu hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Lakini kwanza muulizane nyumbani: nani anaihitaji? Mutoto wa shule ya musingi haihitaji. Mutihani wa mwisho wa shule ya musingi anafanya kwa kalamu na karatasi, na Examen d'État vilevile. Hakuna mashini inayomupa mutoto diplome. Wanaoihitaji kweli ni mwanafunzi wa universite mwenye kuandika TFC, na mwanafunzi wa humanités kama option yake inadai ordinatere. Hawa wanaenda ku siberi, wanalipa kwa kila ukurasa, mwalimu anasahihisha, wanarudi kulipa tena. Na flashi yao inatoka kule imejaa virusi. Mukihesabu feza ya mwaka muzima mutashangaa.

Tuchukue mufano wa jamaa moja. Baba anafanya kazi kwa su-tretanti wa mugodi kule Kolwezi, na kontra yake itaisha mwezi wa 12. Mama anauzisha unga sokoni. Watoto ni wane: mukubwa yuko universite Lubumbashi, binti anayemufuata yuko humanités, wawili ni wadogo. Wameweka dola 300 kwa njia ya likelemba. Kontra isipofanywa upya, hizo dola 300 hazitaonekana tena mara ya pili. Kwa hiyo mashini watakayoleta inapaswa kudumu mpaka mukubwa amalize, na binti pia.

Wanafika dukani. Muuzishaji anaweka mbele yao mashini mbili, bei ni moja. Ya kwanza ni mupya kabisa, nyembamba, inangaa, iko ndani ya boksi yake. Ya pili ni okazioni, nyeusi, nzito, imekwaruzwa pembeni. Baba mikono yake inaenda kwa ile ya boksi. Mimi ningemushika mukono: baba, ngoja.

Mara nyingi mashini mupya ya bei chini imepunguzwa ndani, mahali macho hayafiki. Kuna memwari na kuna diski. Memwari ni kama meza ya kufanyia kazi, diski ni kama kabati ya kutunza vitu. Ile mupya iko na memwari ya giga 4, na diski ndogo ya giga 64 inayoitwa eMMC. Lakini Windows 11 yenyewe inadai giga 4 na giga 64 kuwa kiasi cha chini kabisa! Maana yake meza imekwisha kujaa na kabati imekwisha kujaa mbele mutoto hajaweka hata kazi moja. Na mara nyingi memwari hiyo imechomelewa, fundi hawezi kuongeza. Mutafute memwari ya giga 8 na diski SSD ya giga 256. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo haiogopi kutikisika ndani ya basi kama zile diski za zamani.

Ile nyeusi nzito ni jamaa ya mashini za biro. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zinanunua mamia kwa mamia, zinazitumia miaka michache, kisha zinaziuzisha na kununua zingine. Ndizo zinazofika kwetu. Majina ya kutafuta ni ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell, na EliteBook ao ProBook ya HP. Muangalie vizuri: si kila Dell ni Latitude, na si kila HP ni EliteBook. Zimejengwa kwa watu wanaobeba mashini kila siku, vibawaba vya ekra ni vya nguvu, nyingi klavie yake inavumilia maji kidogo, na fundi anapata vipande vyake mbio. (Hakuna kampuni iliyonilipa kusema hayo, musifikiri vibaya.)

Sasa kuna neno ambalo wauzishaji hawalisemi. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 Microsoft iliacha kutoa bure matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Na Windows 11 haikubali kila mashini ya zamani; kwa zile za Intel inataka kwa kawaida jenerasio ya 8 na kuendelea. Mutajuaje jenerasio? Musome namba yake ndani ya mashini. Ikiandikwa i5-6300U, ile 6 ni jenerasio ya sita. Ikiandikwa i5-8250U, ni ya nane. Ikiandikwa i5-1135G7, ni ya kumi na moja. Vijana wengi wanadanganywa na neno «i7». Wanasikia i7 wanafurahi, kumbe ni i7-4600U, ya jenerasio ya nne, ya zamani kuliko i5-8250U. Musiulize tu «ni i ngapi?» Muulize namba inayofuata.

Kama feza haitoshi na mumepata ile ya jenerasio ya sita, si mwisho wa njia. Kijana anayejua anaweza kuweka Linux, ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, nayo ya bure. Inafungua kazi za Word na kuzitunza kwa namna ileile. Lakini mbele ya kupeleka TFC ku imprimanti aigeuze PDF, kurasa zisije zikahama. Kuhusu Chromebook, bei yake inavutia, lakini imejengwa kwa nyumba yenye intaneti kila saa, na kila moja iko na tarehe ambapo matengenezo yake yanakatwa. Jamaa inayonunua megabaiti za siku moja moja, iiache.

Klavie nayo inaleta mabishano. Shuleni watoto wanafundishwa azerty, lakini mashini nyingi zinazopitia Dubai ao Afrika ya Kusini ni qwerty. Usikatae mashini nzuri kwa sababu hiyo. Klavie inabadilishwa ndani ya programu kuwa ya Kifaransa, na vibandiko vya herufi vinabandikwa juu. Vilevile prizi: ile ya Afrika ya Kusini iko na miguu mitatu minene ya duara, ile ya Zambia miguu mitatu ya pembe, na ya kwetu ni miguu miwili ya duara. Musikate waya kwa kisu! Munanunua tu kamba inayotoka ku sharjeri mpaka ukutani. Lakini musome juu ya sharjeri yenyewe: kama imeandikwa 100-240V, inakubali 220 ya kwetu.

Tufike kwa batri. Ndani yake kwa kawaida kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika inchi yetu, katika Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo kitu kilichotoka chini ya miguu yetu kimeenda mbali kwa meli, na sasa kinarudi kupitia Kasumbalesa ndani ya boksi, nasi tunakilipa. Wazee waliofanya kazi Gécamines watacheka kwa uchungu.

Batri ya okazioni imekwisha kuzeeka kidogo, hiyo si ajabu. Cha lazima ni kujua imezeeka namna gani. Kijana afungue ile dirisha nyeusi ya amri, aandike powercfg /batteryreport. Mashini itaandika ripoti, na ndani yake kuna namba mbili: nguvu ambayo batri ilitoka nayo fabriki, na nguvu inayobaki leo. Ikiwa inayobaki haifiki nusu, mulombe bei ishuke ao muuzishaji abadilishe batri. Na ikiwa klavie imeinuka kidogo katikati kama tumbo, batri imevimba. Hiyo muache palepale. Inaweza kushika moto.

Dukani musione haya kukaa nusu saa. Mufungue na kufunga ekra mara tano, musikilize kama inalia. Muandike kila herufi ya klavie. Muingize flashi ku kila tundu. Muangalie kama inashika wifi ya telefone yenu. Muizime, muiwashe tena. Ikilomba mot de passe ambayo muuzishaji haijui, mutoke. Kisha mulombe faktura yenye namba iliyoandikwa chini ya mashini, na mulinganishe namba hizo kwa macho yenu. Muuzishaji akikasirika kwa hayo, amewasaidia kuchagua.

Hapo niseme neno moja kama muchungaji. Katika miji yetu ya migodi mashini zinatembea usiku. Utaona moja ya bei ya ajabu, alama ya kampuni imekwanguliwa kwa kisu, na ukiiwasha inasema jina la kampuni na kulomba adrese ya mufanyakazi. Mama mumoja aliniambia: «Lakini Pasta, tukiikataa sisi, mwengine ataichukua.» Nilimujibu: mama, mashini hiyo ilipotea usiku ambapo mulinzi fulani alikuwa kazini. Huenda alifukuzwa, na watoto wake nao walikuwa wanangojea kununuliwa daftari. Tena kampuni inaweza kuifunga kutoka mbali siku itakapoingia ku intaneti, na dola zenu zitakuwa zimeingia majini. Yule mama alinyamaza. Sijui kama aliinunua, sikumuuliza.

Sasa mashini imefika nyumbani. Katika nyumba nyingi mashini moja inakuwa mali ya kijana mukubwa, wengine wanaangalia. Yule binti wa humanités anaambiwa: «Maliza kwanza vyombo.» Kuranti inarudi saa mbili ya usiku, yeye yuko na sufuria, anapomaliza, batri imekwisha kwa sababu kaka alikuwa anaangalia filme. Baba, feza ya likelemba ilikuwa ya watoto wote. Andika saa za kila mumoja juu ya karatasi, bandika ukutani, na kaka aoshe sahani siku ambazo dada iko na kazi ya mashini. Mukubwa akirudi Lubumbashi, muongee mapema nani anabaki nayo muhula gani. Musingoje siku ya safari ili mugombane mbele ya basi. Kila mumoja apewe pia kompte yake ndani ya mashini, mudogo asije akafuta TFC akitafuta muchezo.

Na TFC ile itunzwe mahali pawili, ya pili juu ya flashi inayolala nyumba nyingine, kwa shangazi ao kwa muzee wa kanisa. Mwizi akibeba mashini na flashi katika mufuko mumoja, ni mwaka muzima umebebwa.

Kwa wadogo, kuna programu ya bure inaitwa Kiwix. Inatunza ndani ya mashini vitabu vizima vya maarifa kama Wikipedia, na Vikidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto, bila kulomba intaneti tena. Mutu mumoja katika kartie mwenye intaneti nzuri aipakue mara moja, kisha muipitishe kwa flashi nyumba kwa nyumba. Vikidia ni ndogo; Wikipedia nzima na picha zake ni nzito sana, muchukue ile iliyopunguzwa.

Wale wa dola 300, musizimalize zote dukani. Mubakize 40 hivi kwa flashi, mufuko, na regilatere ya kuranti. Umeme ukikatika, chomoa sharjeri palepale. Ukirudi, ngoja dakika chache mbele ya kuchomeka, maana ule wa kwanza mara nyingi unaingia na nguvu mbaya. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11, radi ikianza kunguruma chomoa hata kama kazi haijaisha, batri itaendelea. Wenye paneli ya jua: ile ndogo ya taa na telefone haitoshi, sharjeri ya mashini mara nyingi ni ya wati 65. Na sisi tunaokaa karibu na barabara ya malori, ile vumbi nyekundu inaingia ndani ya kipepeo na mashini inapata homa. Musiiweke juu ya kitanda ao blanketi inapofanya kazi, muifunike kwa kitambaa inapolala, na mara moja kwa mwaka fundi aifungue aipulize.